Mlezi Mmoja, Mwenye Afya Njema: Mwongozo kwa Mama Anayeingia Karantini na Watoto

Mama, simu ikilia na sauti ya kistaarabu ikakuambia kwamba kipimo cha mwanao kimerudi na kimeonyesha virusi, usiketi. Ukiketi, watoto watajua. Simama papo hapo, sema "asante daktari" kwa sauti ile ile unayomjibia mwenye nyumba mwisho wa mwezi, kisha nenda ukakoroge uji, hata kama hakuna aliyeomba uji. Karantini ya nyumbani imeanza. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako wewe ambaye bado unaamini kwamba siku 14 ni wiki mbili.

Unahusu mwaka 2020, nchini Kenya, na hasa Nairobi. Umechelewa kutoka, kama ilivyo kawaida ya maandishi yanayowahusu akina mama. Ya kuwahusu wagonjwa yalitoka mapema. Kisa cha kwanza cha korona kilitangazwa na Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, tarehe 13 Machi. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akaamuru shule zifungwe, na tarehe 27 Machi kafyu ikaanza, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Hayo yote yalikuwa mazoezi. Kufungiwa na watoto wazima ni jambo moja. Kufungiwa na mtoto mmoja mgonjwa na wawili wanaoapa kwamba wao hawana kitu ni jambo jingine, na hilo ndilo ambalo Wizara ililiandikia mwongozo wa kuwahudumia wagonjwa nyumbani mwezi Juni, ilipoonekana wazi kwamba vitanda vya hospitali havingetosha.

Chumba

Kanuni yenyewe inasema mgonjwa akae peke yake katika chumba chenye hewa ya kutosha, na ikiwezekana awe na choo chake.

Isome tena ukiwa Pipeline, Embakasi, ambako majumba ya ghorofa yamesongamana hivi kwamba ukifungua dirisha unaingiza hewa ya jirani pamoja na redio yake. Chumba ni kimoja. Choo ni cha watu wa ghorofa nzima. Usikate tamaa. Chukua leso, itundike kuanzia msumari wa kalenda hadi pembe ya kabati, utangaze kwamba upande wa kitanda ni hospitali na upande wa jiko ni nyumbani. Watoto watalipenda sana wazo hili. Kabla ya saa sita mchana watakuwa wameweka mpaka, forodha na ushuru, na mgonjwa mwenyewe atakuwa akipitisha vidole chini ya leso kudai biskuti aliyokatiwa kodi.

Shirika la Afya Duniani nalo lilishauri nguo na matandiko ya mgonjwa yafuliwe kwa sabuni katika maji ya nyuzi joto 60 hadi 90. Hayo karibu ni maji ya chai. Mashine huyavumilia. Mikono yako ndani ya karai haitayavumilia, kwa hiyo yaache yapoe, uyaombe radhi, ufue. Kumbuka pia kwamba maji hayo yamepanda ngazi ndani ya mtungi wa lita 20 ulionunuliwa. Kila mtoto anaponawa mikono kwa sekunde 20 kama alivyofundishwa na runinga, utazisikia shilingi zikiteremka kwenye karo, na utamsifu huku ukitamani kumwambia inatosha.

Mlezi

Shirika hilo hilo lilisema kazi ya kumhudumia mgonjwa heri aachiwe mtu mmoja, mwenye afya njema, asiye na maradhi sugu. Halikutaja mama. Halikuhitaji kumtaja. Sentensi ile ilipofika sebuleni kila mtu alijua ageuze macho wapi.

Tarajia kwamba baba watoto, ambaye hajawahi kusoma maelekezo ya kitu chochote, hata mtungi wa gesi, atausoma mwongozo wa Wizara hadi kufikia maneno "mtu mmoja", kisha aukute una busara nyingi. Siku hiyo hiyo atakumbuka kwamba ana presha. Wapo akina baba waliolala sakafuni wakageuza vitambaa vya maji usiku kucha, na hawa wanastahili mwongozo wao, ingawa naona wengi wao wangependelea cheti. Msaidizi wa nyumbani usimtegemee: tarehe 6 Aprili safari za kuingia na kutoka Nairobi zilipigwa marufuku hadi Julai, na yule aliyekuwa amekwenda kwao alibaki huko.

Hapa niweke mzaha kando kidogo. Mama fua, yule anayepita mtaani akibisha milango kutafuta nguo za kufua, aliambiwa asije mapema kabisa, mwezi Machi, na wenye nyumba walewale ambao mashuka yao aliyajua kuliko wao. Kwake siku ya kukaa ndani ni siku isiyo na malipo. Alipoambiwa amtenge mwanawe nyumbani, tayari alikuwa ametengwa na riziki kwa miezi kadhaa. Kodi haikai karantini. Kwa mama huyu hofu ya homa ilipanga foleni nyuma ya hofu ya unga, na kama alionekana mkavu wa macho wahudumu wa afya ya jamii walipomtembelea, si kwamba hakuelewa ugonjwa.

Hisia, na utaratibu wa kuzipokea

Utaambiwa kwamba utaogopa. Utaogopa, lakini baadaye. Kwanza utakasirika. Utamkasirikia mtoto aliyeivua barakoa kwa sababu "inanuka mdomo". Utamkasirikia mwenye duka anayehesabu chenji kwa kidole alicholamba. Utamkasirikia hata Waziri, aliyekwisha kutuonya kwamba tukiendelea kuishi kikawaida ugonjwa huu utatutendea isivyo kawaida, kana kwamba kuwalisha watu watano kwenye chumba kimoja ni anasa tuliyokataa kuiacha. Usiizuie hasira. Ni hisia yenye nguvu za kazi, na itakufulisha mashuka yote kabla ya saa nne asubuhi.

Hofu huja usiku. Mchana unajua kwamba watoto wengi huugua korona kwa wepesi, umelisikia redioni na unalirudia kwa simu kwa ndugu zako wote kama mtaalamu. Saa tisa usiku ujuzi huo umelala na wewe uko macho. Utainama gizani uweke mkono mbele ya pua ya mtoto kusikiliza pumzi. Ataamka. Atauliza unafanya nini. Jibu sahihi ni: naua mbu. Jibu hili linafaa mara nyingi kwa usiku mmoja, ila Kisumu na Mombasa linakuja na mzigo wake, kwa kuwa huko homa inaweza kuwa malaria vilevile, na mama analazimika kuchagua aogope ugonjwa upi kabla ya kupambazuka.

Kipimajoto utakiazima kwa jirani, na usiseme ni cha nini. Ukishakuwa nacho, utapima kila baada ya muda mfupi. 37.1. 37.3. 37.2. Utaanza kuishi ndani ya nukta hizo za desimali, ukifurahi na kuvunjika moyo kwa tofauti ambayo daktari asingeipandishia nyusi. Kisha utajipima mwenyewe, na kwa kuwa umekuwa ukiinama juu ya jiko utajikuta na 37.6, na kwa muda wa dakika kumi utapanga nani atalelewa na dada yako na nani atapelekwa kwa shosho.

Sasa mita moja. Kanuni ya umbali inasema mita moja au zaidi kati ya mgonjwa na wengine. Mita moja ni takriban kimo cha mtoto wa miaka minne. Yaani unatakiwa uache kati yako na mwanao nafasi ya kumlaza mwana mwingine. Kwa mtoto anayenyonya wakubwa wa afya walikuwa na huruma: Shirika la Afya Duniani lilisema mama aendelee kunyonyesha hata kama ni yeye mwenye virusi, avae barakoa na anawe mikono. Lakini aliyeachishwa ziwa zamani, mwenye miaka mitano na homa, anayesema "nibebe", hakuandikiwa kifungu. Mwongozo huu nao hautakiandika. Tunasema tu kwamba hatujakutana na mama aliyepima mita hiyo kwa rula, na kwamba barakoa, baada ya mtoto kuilalia bega usiku kucha, huwa na alama ya machozi ambayo si rahisi kujua ni ya nani.

Hatia nayo hufanya kazi ya upelelezi. Utarudia kila hatua ya wiki iliyopita: nyanya za kibandani, reli ya ngazi, yule mama aliyekohoa kwenye foleni ya maji, noti ya shilingi mia uliyoitia kifuani. Ushahidi wote utakuelekea wewe, kwa sababu ni wewe uliyekuwa ukitoka kutafuta chakula. Kwamba baba naye alikuwa akienda kazini kila siku kwa matatu halitaingia kwenye jalada. Mahakama ya kichwani kwa mama ina mshukiwa mmoja, na haina wakili.

Lipo wazo moja ambalo halitajwi kwenye vikao vya akina mama, na mwongozo usiolitaja ni wa kukuhadaa. Siku ya sita au ya saba, ukiwa umesimama na sufuria ya githeri mkononi, mkubwa anakuita, wa kati anapigana na rimoti, mgonjwa anagonga kikombe kwa kijiko nyuma ya leso, utatamani kipimo chako nacho kirudi na virusi. Si vikali, vya kadiri tu. Ili na wewe upewe upande wako wa leso, uletewe uji, ukatazwe kugusa chochote. Wazo hili litakaa kwa muda wa pumzi moja, na aibu yake itakaa hadi jioni. Liache lipite. Mtu anayetamani kuugua ili alale hana moyo mbaya, ana usingizi.

Kuhusu utulivu: usijaribu kuigiza. Watoto wa Nairobi wanajua kwamba mama asiyefoka ana habari mbaya. Ukianza kuongea kwa upole, ukisema "tafadhali" na "mpenzi wangu", ukiimba wakati wa kuosha vyombo, yule wa miaka minane atawaita wenzake kando na kuwaambia kuna mtu atakufa. Foka kiasi. Uliza nani amemaliza sukari. Hakuna dawa ya kutuliza nyumba inayoshinda swali hilo.

Shule, ambayo nayo imehamia hapa

Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ilirusha masomo kwenye redio za KBC na kwenye runinga. Mpango mzuri, kwa mwenye mtoto mmoja. Mwenye watatu ana redio moja, tokeni za stima zinazokaribia kuisha, na simu moja ambayo asubuhi ni darasa, mchana ni benki, na jioni ni ya kupokelea simu ya mhudumu wa afya anayeuliza dalili. Mtaala mpya wa umilisi ulikuwa umeshatuzoesha kazi za nyumbani za wazazi. Karantini iliongeza kwamba mwalimu anataka picha ya kazi hiyo kabla ya saa kumi. Utatengeneza sanamu ya kutishia ndege shambani kwa sweta la baba ukiwa na mtoto mwenye homa magotini, na kikundi cha wazazi kwenye WhatsApp kitaonyesha kwamba mama mwingine ametengeneza yenye kofia.

Tarehe 7 Julai hayati Profesa George Magoha, Waziri wa Elimu wakati huo, alitangaza kwamba mwaka wa masomo wa 2020 umehesabiwa kuwa umepotea na shule zitafunguliwa Januari. Katika nyumba nyingi tangazo hilo lilipokelewa kwa kelele za furaha kutoka upande mmoja wa chumba na ukimya kutoka upande wa jiko. Baadaye mambo yakabadilika, na tarehe 12 Oktoba wakarudi wa Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 peke yao. Mama mwenye mtoto wa Gredi ya 4 na mwingine wa Gredi ya 3 alitakiwa kueleza kwa nini mmoja ana mustakabali na mwenzake bado ana likizo.

Hesabu ya siku 14

Huku ndiko wasiojua wanakopotelea, kwa hiyo soma polepole. Aliyekaribiana na mgonjwa huhesabu siku 14 kuanzia mara ya mwisho kukaribiana naye. Mlezi hukaribiana na mgonjwa kila siku. Kwa hiyo siku zako hazianzi kuhesabiwa siku mtoto alipougua. Zinaanza siku anapopona. Yeye atatoka nje kucheza, wewe ndipo unaingia rasmi. Na kama siku ya tisa yule wa pili akaanza kukohoa, rudi mwanzo wa aya hii.

Kalenda ya ukutani iache ilivyo. Usikate siku kwa kalamu. Watoto watakata wenyewe, kwa shauku, na watakata mbili mbili.

Majirani

Si kila jirani atakuwa mkatili, lakini jipange. Mwezi Aprili tuliona kwenye runinga mazishi ya usiku huko Siaya, watu waliovaa mavazi meupe ya plastiki wakizika kwa haraka bila ndugu kupata nafasi ya kulia. Picha ile ilikaa katika kila jengo la Nairobi. Wakati huohuo tulisikia ya vituo vya karantini vya serikali, waliokaa humo wakilalamika kudaiwa ada za kila siku, na wengine wakiruka ukuta. Basi mwezi wa Juni, serikali iliposema sasa mtauguzwa nyumbani, mtaani ilikuwa imekwisha kuaminiwa kwamba neno korona likitoka mlangoni kwako, gari litakuja. Ndiyo sababu mama mwerevu hakuwa na korona nyumbani. Alikuwa na mafua.

Yasemwe kwa wepesi, huku ukifunga mlango: "Ni mafua tu, hii baridi ya Julai." Julai hutetea kila mwongo Nairobi. Malimau na tangawizi mwagize mtoto wa ghorofa ya chini, ukimpa sababu kwamba unapika chai ya wageni, ingawa hakuna aliyepokea mgeni tangu Machi. Shosho akipiga simu kutoka kijijini na kuuliza watoto wako wapi, sema wamelala. Itakuwa saa tano asubuhi. Hatauliza mara ya pili, na kimya chake hicho kitakuumiza zaidi ya swali, kwa kuwa yeye ndiye aliyekufundisha kusema watu wamelala.

Mahali pa kulia

Bafuni hapafai, kuna foleni, na watu watagonga. Chini ya blanketi watoto watasikia. Mahali bora ni juu ya paa, kwenye kamba za nguo. Mwongozo wa Wizara haumruhusu mlezi kuzurura, lakini mashuka hayana budi kukauka, na jua liko huko. Vaa barakoa, pitia ngazi za nyuma, nenda alasiri wakati wa taarifa ya Wizara, jengo zima likiwa mbele ya runinga kungoja idadi ya siku hiyo. Tundika shuka la kwanza, usimame nyuma yake, ufanye uliyoyajia.

Huenda ukakuta kuna shuka jingine limetundikwa, na nyuma yake amesimama mwanamke, barakoa yake imelowa. Usimwulize kitu, na usirudi nyuma, ataona kama umemkimbia. Sema kwamba sabuni ya siku hizi inawasha macho. Atasema hata yeye ameliona hilo. Kila mmoja aanike zake.

Mambo yakiisha, futa kipimajoto kwa spiriti na ukirudishe. Kitu cha mtu hakirudishwi mikono mitupu, na kwa kuwa kipimajoto hakina tumbo la kutilia chochote, kilaze juu ya sahani ya chapati. Jirani atasimama mlangoni, mita moja kamili, na atauliza kwani watoto walikuwa na nini. Mwambie mafua. Atakutazama macho, atatazama sahani, kisha atasema hata wake walikuwa na mafua, mwezi wa saba, mafua makali, na yeye naye yakampata, ila wameshapona. Mpe pole. Usimwulize alilala upande gani wa leso. Na akikukaribisha ndani, kataa mara ya kwanza, kwa adabu, ungoje akukaribishe tena.